"Yeye amesamehewa. Na shamba langu je?" Maelezo matatu ya haki na huruma ya Mungu, na namna ya kuchagua

Msibani, chini ya Mlima Kilimanjaro, niliketi mkeka mmoja na bibi aliyekuwa amemzika kaka yake siku hiyo. Kaka huyo alikuwa amemnyang'anya sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, aliyoachiwa na baba yao. Aling'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, usiku, akayapanda upande wa ndani, na kwa miaka mingi akachuma kahawa isiyo yake. Wiki mbili kabla ya kufa alimwita mchungaji, akatubu kwa machozi, akaombewa. Mchungaji alisimulia hayo kaburini kwa furaha ya kweli, na watu wakaitikia amina. Bibi naye aliitikia. Baadaye akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, yeye amesamehewa. Na shamba langu je?"

Ninafundisha darasa la Biblia, lakini siku ile sikuwa na jibu. Nilikuwa na maelezo matatu tuliyorithi Wakristo ya jinsi Mungu anavyokuwa mwenye haki na mwenye huruma kwa pamoja. Nayajua, nimeyafundisha. Pale mkekani ndipo nilipotambua kwamba siku zote nimeyapima kwa swali la aliyeiba, sijawahi kuyapima kwa swali la aliyeibiwa.

Fumbo lenyewe liko katika Kutoka 34:6-7. Mungu anajitangaza mbele ya Musa kuwa "mwingi wa huruma", mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi, na papo hapo anaongeza kwamba hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia kamwe. Pande zote mbili zimo katika tamko moja. Maelezo haya matatu yote yanajitahidi kulishika tamko hilo bila kulikata katikati, na kwa hiyo anayeyashika mojawapo hastahili kuitwa mpotofu na wenzake.

Maswali ya kupimia

Kila maelezo nimeyauliza mambo yale yale. Haki ya Mungu hapa ina maana gani? Huruma inaingilia wapi? Ni Maandiko gani yanayoyabeba? Aliyedhulumiwa anapata nini? Na ukiyavuta kupita kiasi, yanachanikia wapi?

Swali la nne huwa tunaliruka, ingawa Kiswahili chenyewe kinatukataza. Kwetu haki ni kitu cha mtu. Tunasema "haki yangu", "haki ya yatima", "amekula haki ya mjane". Anayesema "Mungu wa haki" kwa Kiswahili, kabla hajamfikiria hakimu, amekwisha kumfikiria mwenye mali iliyoliwa. Zaburi zinaongea hivyo hivyo. Zaburi 103:6 inasema BWANA hufanya mambo ya haki na hukumu "kwa wote wanaoonewa". Humo anayeililia hukumu ni mnyonge, na anayeiogopa ni mwenye nguvu. Sisi mahubiri yetu yamezoea kuigeuza, hukumu ikawa habari ya kumtisha kila mtu kwa kipimo kimoja, aliyepora na aliyeporwa.

La kwanza: deni linalolipwa

Maelezo haya tunayo kutoka kwa Anselm, mzaliwa wa Aosta kwenye milima ya Alps, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1093 hadi kufa kwake 1109. Kitabu chake kuhusu sababu ya Mungu kufanyika mtu alikimaliza 1098 akiwa uhamishoni Italia, baada ya kukosana na mfalme wa Uingereza. Kimeandikwa kama mazungumzo: mtawa mwenzake Boso anabisha, yeye anajibu.

Haki kwake ni kila mmoja kupewa kilicho chake. Dhambi ni kumnyima Mungu utii na heshima anayostahili, basi ni deni. Lakini hapa Anselm anasema jambo ambalo laiti lingehubiriwa kila Kwaresima: kurudisha ulichochukua hakutoshi. Aliyemjeruhi mtu hajamaliza kwa kumponya jeraha mpaka ameyafidia na maumivu. Msomaji wa Mambo ya Walawi 6 ataitambua sheria hiyo. Mdhulumu anarudisha kitu kizima, anaongeza sehemu ya tano juu yake, anampa mwenyewe, ndipo anapeleka sadaka yake ya hatia kwa kuhani.

Huruma basi inaingilia wapi? Anselm anakataa kwamba Mungu hulifuta tu deni, kwa maana hapo mwenye haki na mdhalimu wangekuwa sawa machoni pake. Na mwanadamu hana cha kulipia, kwa kuwa hata utii wake wa leo ni deni la leo, hauwezi kulipa la jana. Kwa hiyo Mungu mwenyewe anafanyika mtu, alipe kwa niaba ya watu kitu chenye thamani ambayo mtu wa kawaida hana. Anayedai amehamia upande wa anayedaiwa. Neno la Yesu kwamba amekuja kutoa nafsi yake "iwe fidia ya wengi" (Marko 10:45) linakaa vizuri ndani ya maelezo haya, na Zakayo pia, aliyeahidi kurudisha mara nne.

Karibu miaka 170 baadaye mwanatheolojia Tomaso wa Akwino aliyalainisha. Alitoa mfano wa mtu anayedaiwa 100 akatoa 200. Huyo hajaivunja haki, amempa mwenzake haki yake na kuzidisha. Huruma ya Mungu, anasema, inafanya hivyo. Inaitimiza haki na kufurika.

Kwa aliyedhulumiwa, maelezo haya yana mkono wenye nguvu. Kanisa Katoliki limeyatunza ndani ya sakramenti ya kitubio, na Katekisimu yake ya 1992, namba 1459, inaeleza wazi kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na mtubu anapaswa kufanya awezalo kurekebisha: kurudisha kilichoibwa, kusafisha jina la aliyesingiziwa, kulipa fidia ya majeraha. Kwa swali la bibi yule jibu linakuja bila kuzunguka. Kaka amesamehewa, na shamba linadaiwa bado.

Yanachanikia kwenye hesabu. Watu wakizoea lugha ya deni wanaanza kuhesabu sala, hija na sadaka kama shilingi za kulipia, na ndiyo hali iliyomfanya Martin Luther alalamikie biashara ya hati za rehema, za kupunguziwa adhabu ya dhambi, mwaka 1517. Pia, kwa Anselm, mdai mkuu ni Mungu. Mwalimu asipokuwa mwangalifu, heshima ya Mungu italijaza darasa lote hadi aliyenyang'anywa asionekane.

Yanamfaa mtu ambaye toba yake imekuwa maneno matupu kwa muda mrefu na anataka kuambiwa cha kufanya Jumatatu asubuhi.

La pili: hukumu iliyobebwa

Yohane Calvin, Mfaransa wa karne ya 16, alisomea sheria Orléans na Bourges kabla ya kuwa mwalimu wa Kanisa, na hilo linaonekana. Kwake, na kwa Waprotestanti waliomfuata, Mungu ni hakimu, dhambi ni kosa la jinai, na kosa lina adhabu. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563 inaliuliza swali letu uso kwa uso, katika swali la 11: je, Mungu si mwenye huruma pia? Inajibu kwamba hakika ni mwenye huruma, lakini ni mwenye haki pia, na haki yake inataka dhambi iadhibiwe. Maswali yanayofuata yanaongoza hatua kwa hatua hadi kwa Mpatanishi mmoja aliye Mungu kweli na mtu kweli.

Huruma hapa ni kwamba hakimu mwenyewe anashuka kizimbani. Isaya 53:5 ndiyo nguzo: "Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, na kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Paulo anaongeza katika Wagalatia 3:13 kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu, na katika Warumi 3:26 kwamba Mungu amebaki mwenye haki huku akimhesabia haki yeye amwaminiye Yesu.

Nguvu yake ni utulivu inaompa mwenye hatia. Nimewahi kukaa kitandani kwa mgonjwa aliyekuwa na siku chache, hana tena muda wa kurudisha chochote, na sijui neno lingine ambalo lingemshika kama hili: hukumu yako imekwisha kusomwa, imekwisha kutumikiwa, hakuna shauri la pili. Ukimwambia mtu wa namna hiyo habari za sehemu ya tano, unamwongezea mzigo kaburini.

Pingamizi zake ni nzito, na haifai kuzificha. Mwishoni mwa karne ya 16 Mwitalia Fausto Sozzini aliuliza: kama adhabu imelipwa yote, Mungu amesamehe nini? Na adhabu ya mkosaji inawezaje kumwendea asiye na kosa? Biblia yenyewe inampa silaha. Ezekieli 18:20 inasema roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, na Mithali 17:15 inasema anayempa haki asiye haki na anayemhukumu mwenye haki wote wawili ni chukizo kwa BWANA. Waliojibu vizuri wamejibu kwamba hapa hakuna mtu wa tatu aliyekamatwa njiani. Anayebeba ni Mungu mwenyewe, na Mwana anasema kuhusu uhai wake, "bali mimi nautoa mwenyewe" (Yohana 10:18). Mhubiri anayemchora Baba mwenye hasira akipozwa na Mwana mwenye upole ameyavunja maelezo haya kwa mikono yake. Nimesikia mahubiri ya namna hiyo mara nyingi mno, na yanamfanya mtoto ampende Yesu na kumwogopa Baba yake.

Na aliyedhulumiwa? Hapa ndipo pachungu. Kesi inasomwa kati ya Mungu na mkosaji, inafungwa, wote wanafurahi, na mlalamikaji yuko nje ya uzio anasikia makofi. Ndivyo alivyokuwa bibi yule kaburini. Lakini historia ya kwetu inaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ulihubiri damu ya msalaba kuliko jambo lolote. Na waliookoka walijulikana vijijini kwa kitu kimoja cha kushangaza: walirudisha. Walirudisha vitu walivyoiba na madeni waliyoyakana, wakaungama mbele ya waliowakosea. Kwa ndugu wale, mtu aliyeoshwa na damu hakuweza kulala na mali ya jirani ndani ya nyumba.

Yanamfaa anayeandamwa na hatia usiku, na yule ambaye njia ya kulipa imefungwa.

La tatu: huruma isiyodai

Huku hatuendi mara nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika karne ya 7 alizaliwa Isaka huko Beth Qatraye, eneo la Qatar ya leo na pwani zinazoizunguka. (Ndugu zetu wanaofanya kazi Doha wanaishi jirani kabisa na alikozaliwa, na pengine hawajui kwamba Ghuba ile iliwahi kuwa na monasteri na maaskofu.) Aliandika kwa Kisiria, akawekwa kuwa askofu wa Ninawi, karibu na Mosul ya sasa. Alikaa miezi mitano tu, akajiuzulu, akaenda kuishi upwekeni milimani.

Masimulizi ya kale yanaeleza kilichomwondoa. Walimjia watu wawili, mmoja akimdai mwenzake mkopo na kutishia kumpeleka kwa hakimu. Isaka akamkumbusha kwamba Injili inafundisha kutodai tena ulichotoa, basi angalau ampe siku moja zaidi. Yule akasema: tuiache Injili kando kwanza. Isaka akajibu kwamba kama Injili inaachwa kando, yeye amekuja kufanya nini pale?

Haki ya Mungu kwake ina maana gani? Anathubutu kusema tusimwite Mungu mwenye haki, kwa sababu katika mambo yetu haki yake haionekani. Anawaita mashahidi wawili wa Injili: wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ambapo aliyekuja saa ya mwisho analipwa dinari ile ile, na mwana mpotevu, ambaye baba anamkimbilia kabla hajamaliza kuungama. Dhambi za wote wenye mwili, anasema, ni kama konzi ya mchanga uliotupwa baharini. Mungu hadai wala halipizi kisasi. Anatibu. Huruma haiingilii mahali fulani, kwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, hata dunia ilipoumbwa.

Asomaye haraka atadhani huu ni ulegevu. Isaka huyo huyo anafundisha kwamba walio jehanamu wanachapwa na mjeledi wa upendo. Kutambua kwamba umemdhulumu aliyekupenda ni uchungu kuliko adhabu yoyote. Mwaka 1983 msomi Sebastian Brock alikuta Oxford hati yenye sehemu ya maandiko yake iliyodhaniwa kupotea, na humo Isaka anakwenda mbali zaidi, anatumaini kwamba hata jehanamu ina mwisho. Wengi hawamfuati hadi huko. Hata hivyo Waorthodoksi wanamheshimu kama mtakatifu, na mwaka 2024 Papa Fransisko alimwingiza katika orodha ya watakatifu wa Kanisa la Roma, ingawa Kanisa lake la Mashariki halikuwa na ushirika na Roma wala Konstantinopoli.

Sasa mpeleke mkekani kwa bibi. Je, shamba lake nalo ni mchanga baharini? Hapa ndipo maelezo haya yanapochanika, na yanachanika vibaya, kwa sababu anayeyapenda zaidi huwa ni yule aliyechukua. Ni rahisi mno aliyenyang'anya kumwambia aliyenyang'anywa kwamba Mungu hadai. Isaka mwenyewe hakusema hivyo. Katika kisa kile maneno aliyaelekeza kwa mkopeshaji mwenye nguvu ya kumburuta mwenzake mahakamani, na yeye mwenyewe hakuwa na kitu. Mwenye haki ya kuihubiri huruma ya namna hii ni mtu ambaye inamgharimu.

Bado kuna kitu humo kwa aliyedhulumiwa. Katika Luka 15 yupo kaka mkubwa anayekataa kuingia ndani, na malalamiko yake ni ya haki kabisa. Baba anatoka nje kumfuata yeye pia. Hamkemei, anamwambia: "vyote nilivyo navyo ni vyako." Haki yake haijaguswa kwa sababu mdogo wake amechinjiwa ndama.

Yanawafaa waliolelewa kwa vitisho hadi wakamkimbia Mungu, na wale ambao chuki, hata ile ya haki, imekwisha kuwala wao wenyewe.

(Yako maelezo mengine, ya Kristo kumshinda Ibilisi na mauti, ya kale kuliko haya, yenye nguzo katika Wakolosai 2:15. Nimeyaacha kwa sababu yanajibu zaidi swali la utumwa kuliko swali la haki na huruma.)

Kuchagua kulingana na hali

Kama wewe ni mhubiri wa ibada ya mazishi, na marehemu ameacha watu wenye madai, usianze na la tatu, na la pili usilihubiri peke yake. Tangaza msamaha bila kuupunguza, kisha taja kwa sauti ile ile kwamba walioumizwa wapo hapa na Mungu anawasikia. Dakika mbili zinatosha. Kutozitumia ni kumfanya Mungu aonekane shahidi wa upande mmoja.

Kama umekosa na aliyekosewa yu hai na anafikika, nenda na la kwanza, hata kama kanisa lako linafundisha la pili. Zakayo hakungoja. Lakini kama aliyekosewa amekufa, au kumfuata kutamwumiza upya, au wewe mwenyewe uko kitandani, shika la pili kwa mikono miwili na usiruhusu mtu akunyang'anye. Huko si kukwepa.

Kama umedhulumiwa, sikupangii ratiba. La kwanza linakupa ruhusa ya kudai, na kudai si kukosa imani. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi mara nyingi akitaka haki yake, na Yesu akamtumia kuwafundisha watu kuomba. La tatu liko mbele yako siku utakapolihitaji. Likija, lije kutoka moyoni mwako. Asikuletee aliyekalia mali yako.

Kama unafundisha watoto, anza na la tatu, ongeza la kwanza mapema, maana mtoto anaelewa kurudisha peni ya mwenzake kabla hajaelewa neema. La pili lingoje mpaka waweze kuelewa kwamba Baba na Mwana ni mmoja.

Na kama wewe ni mtoto wa marehemu, umekuta shamba mikononi mwako na hukuhamisha mpaka wowote, soma Hesabu 5:5-8. Pale hata aliyedhulumiwa akiwa hana jamaa wa kupokea malipo, deni halifutiki, linapelekwa kwa BWANA, kwa kuhani. Shangazi yako yu hai. Wazee wanakumbuka masale yalipokuwa yamesimama. Kwa Wachagga jani la isale ni la kuonyesha mpaka, na jani hilo hilo ndilo mtu anashika mkononi anapokwenda kuomba msamaha, na anayepelekewa hulipokea kwa heshima. Nenda nalo kwa shangazi kwanza. Kisha, akikubali, nendeni pamoja mkayapande mahali yalipong'olewa.